Uchovu Usio na Jina

Kwa miaka mingi, yeyote aliyepanda basi katika stendi ile ya milimani aliijua sauti ya Murtiningsih hata kama hakuwahi kumwona sura. Ndiye aliyekuwa akitangaza safari. Alikaa kwenye chumba kidogo cha vioo juu ya ofisi ya stendi, kipaza sauti mbele yake, chupa ya chai pembeni, na kila basi lililokaribia kuondoka alilisindikiza kwa maneno: la Purwokerto, la Magelang, la Semarang, abiria waangalie mizigo yao, wasisahau watoto. Sauti nyororo, iliyonyooka, isiyo na haraka. Makondakta walisema basi likitangazwa na Bu Ning, yaani Mama Ning, kama walivyomwita, hata abiria wakorofi hupanda kwa adabu.

Kisha sauti ikaanza kushuka.

Mwanzoni ilikwaruza asubuhi tu, akadhani ni ukungu. Akanywa tangawizi na sukari guru. Baadaye ikawa nzito mchana kutwa, nzito na ya kujivuta, kama mtu anayezungumza huku ulimi umemnenepea mdomoni. Siku moja Paijan, kondakta wa basi la Magelang, mtu wa mizaha, alipaza sauti toka chini: "Jamani, Bu Ning kaenda likizo? Huyu bwana mpya mmemtoa wapi?"

Stendi ikacheka. Ning naye akacheka, kwa sababu kucheka kulikuwa rahisi kuliko kujibu.

Lakini sauti lilikuwa jambo dogo. Baridi ilimwingia mifupani. Mji ule kila mtu huvaa sweta, yeye alivaa mbili, na soksi pia, hata jua likiwa utosini. Nywele zilibaki kwenye chanuo. Nyusi zilimpukutika upande wa nje, akawa anazichora kwa wanja. Asubuhi uso ulikuwa umevimba na macho yamekuwa madogo. Chakula kilimshinda, na bado alinenepa. Choo kilikuwa cha taabu, na visigino vilipasuka kama udongo wa kiangazi.

Na juu ya hayo yote, uchovu. Uchovu wa kazi aliujua. Alikulia mashambani, akichimba viazi pamoja na mama yake tangu hajaota meno ya utu uzima. Huo mtu akilala unamtoka. Huu alilala nao, akaamka nao, akapanda nao ngazi za ofisi, na katikati ya ngazi alisimama ameshika ukuta, akijifanya anatafuta ufunguo mkobani ili watu wasimuulize.

Mumewe, Kuwat, alikuwa fundi pikipiki mwenye karakana ubavuni mwa nyumba. Mtu mwema, mchache wa maneno. "Umeingiwa na upepo," alimwambia mwanzoni, akampaka mafuta mgongoni na kumkwangua kwa sarafu mpaka michirizi myekundu ikajipanga kama mbavu za samaki. Ndivyo walivyotibiwa wote tangu utotoni. Ning alilala vizuri siku hiyo. Akaamka vilevile.

Akaenda kituo cha afya. Wakamwambia damu haitoshi, wakampa vidonge. Akarudi. Wakamwambia ni umri, wanawake wengi wakishavuka arobaini huwa hivyo. Akarudi tena, na safari hiyo mama mmoja wa zamu akamwinamia na kumuuliza kwa upole kama ana mawazo nyumbani.

"Mawazo gani, Bu?" Ning alijibu. "Hata nguvu ya kuwaza sina."

Yule mama akaandika kitu, akampa vidonge vya usingizi.

Nyumbani nguo chafu zilirundikana kwenye beseni. Mama mkwe wake, aliyekaa nyumba ya pili, alikuwa akipita mlangoni na kusema kwa sauti ya kusikika barabarani: "Mkwe wangu siku hizi mke wa mkuu wa wilaya. Jua limetoka, yeye bado yuko kitandani." Ning alimsikia. Alitaka kutoka amjibu, akahesabu hatua za kutoka kitandani mpaka mlangoni, akaona ni safari.

Mkasa wenyewe ulitokea mchana, mvua ikinyesha, stendi imejaa watu waliojibanza chini ya mabati. Ning alitangaza basi la Purwokerto. Akamaliza, akaegemeza shavu kwenye mkono wake mezani, apumzike kidogo tu. Kitufe cha kipaza sauti hakukizima.

Watu walidhani kwanza spika imeharibika. Mngurumo ulianza taratibu, ukakatika, ukarudi kwa kishindo, ukajaza stendi nzima toka vibanda vya supu ya mipira ya nyama mpaka vyooni.

"Basi gani hilo lenye injini mbovu?" Paijan akauliza.

"Si basi. Ni Bu Ning anakoroma!"

Watu waliinua simu juu, wengine wakilia kwa kicheko. Kina mama walijaribu kunyamazisha watoto, nao wakashindwa kujizuia. Ning hakujua lolote mpaka alipofumbua macho akamwona Pak Legiman, mkuu wa stendi, amesimama karibu yake na kidole kwenye kitufe. Mzee yule hakuwa na hasira. Alikuwa anamhurumia, na hiyo ndiyo iliyomchoma Ning zaidi. Aliposhuka ngazi, watu walimpigia makofi.

Kabla ya magharibi video ilishazunguka mji mzima. Kuwat aliipata kwa mteja aliyeleta pikipiki kubadilishiwa mnyororo, akamwonyesha huku anacheka, asijue ni mke wa nani anayekoroma. Kuwat alimalizia mnyororo wake, akafunga karakana mapema.

"Umelala kazini," alimwambia mkewe.

"Nimelala."

"Jana umelala tangu jua linazama. Juzi hivyohivyo. Mtu analala kiasi gani, Mama Retno?"

"Sijui."

"Hujui. Nguo zifuliwe, umechoka. Twende harusini kwa kaka, umechoka. Nikikugusa, umechoka. Kama umenichoka mimi, sema nijue moja."

Ning alikuwa na jibu. Lakini siku hizo kila neno lilimtoka mbali, na kabla hilo halijafika mdomoni, Kuwat alishabeba mto wake akaenda kulala karakanani. Tangu hapo akawa analala huko, kwenye kitanda cha kamba kati ya matairi.

Binti yao, Retno, aliyefanya kazi kiwandani kule Batam, akapiga simu. Naye alikuwa ameiona. Hakucheka. "Mama, ile haikuwa sauti yako hata ulipotangaza," alisema. "Rudi hospitali. Wakikufukuza, rudi tena."

Pak Legiman alimhamishia Ning chumba cha kutunzia mizigo, akasema apumzike kwanza. Kule juu wakaweka sauti ya mashine.

Basi akarudi kituo cha afya, kwa kuwa mwanawe amesema, si kwa kuwa alitegemea kitu. Alikaa kwenye benchi akingoja kuitwa. Muuguzi alipouliza jina naye akajibu, mama aliyekaa pembeni yake akageuka. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Bu Sulasmi, amejitanda ushungi wa kijani.

"Samahani, Bu. Wewe si yule wa stendi?"

Ning akajikaza kungoja kicheko. "Ndiye. Yule wa kukoroma."

"Mimi nakujua kwa kutangaza. Nilikuwa nasafiri kila wiki. Sauti yako haikuwa hivi." Akamtazama usoni, akashuka mpaka mikononi. "Unasikia baridi sana?"

"Sana."

"Ngozi kavu? Usingizi hauishi?"

Ning akaitikia kwa kichwa.

Bu Sulasmi akatazama huku na huku, akalegeza ushungi kidogo. Chini ya koo lake kulikuwa na kovu jembamba, limelala kama uzi. "Mimi tezi yangu ilivimba, wakaikata. Tangu hapo nisipomeza dawa nakuwa kama wewe hivi. Baridi ya kugandisha, na sauti ya dume. Wamekupima tezi ya shingo? Thairoidi?"

"Goita? Sina goita, mwalimu. Bibi yangu alikuwa nayo, ilimning'inia mpaka kifuani, watoto tukiiogopa. Mimi shingo hii hapa."

"Si lazima ivimbe. Inaweza kufa kimyakimya humo ndani. Waambie wapime damu ya tezi. Tena usiwaulize, waambie."

Daktari wa zamu alikuwa kijana, macho mekundu, mbele yake mlango uliojaa watu. Alimsikiliza Ning huku anaandika. Akainuka, akamshika shingo kwa vidole viwili, akamwambia ameze mate.

"Hakuna uvimbe. Siku hizi chumvi ina madini joto, Bu. Goita zimebaki hadithi za mabibi."

"Nimeambiwa si lazima ivimbe. Nipimwe damu."

"Kipimo hicho hapa hatuna. Na siwezi kumpa rufaa ya hospitali kila anayeniambia amechoka. Wote tumechoka." Hilo alilisema bila dharau, kweli alionekana hajalala. "Nitakuandikia vitamini. Tumwite mwingine."

Ning hakuinuka.

Baadaye watu walimsifu kwa kitendo hicho. Bu Sulasmi aliwasimulia walimu wenzake jinsi mama wa stendi alivyogoma kwenye kiti mpaka haki yake ikatoka. Ukweli ni kwamba Ning hakugoma. Alikuwa ameshaamua kuchukua vitamini zake aende. Aliiambia miguu iinuke, nayo haikuinuka.

"Bu?" daktari akasema.

"Naondoka. Nisubiri kidogo, daktari. Miguu haijakubali."

Machozi yakawa yanamshuka, na hata hayo hayakuwa ya kulia. Yalikuwa yanatoka tu, naye hakuwa na hamu ya kuyafuta. Muuguzi alichungulia mlangoni, akaona, akarudi nyuma. Yule kijana akaweka kalamu chini. Alimshika mkono, akamsaidia kuketi ukingoni mwa kitanda, miguu ikining'inia, akatoa kinyundo kidogo cha mpira kwenye droo. Akamvua soksi, akamgonga nyuma ya kifundo, juu ya kisigino.

Wayo ulishtuka, ukashuka chini upesi. Halafu ukarudi. Ulirudi polepole sana, kama mlango uliokosa mafuta. Daktari akautazama. Akagonga tena. Akaenda mguu wa pili, ukafanya vilevile. Akashika mkono wa Ning kuhesabu mapigo ya moyo, akaangalia saa yake, akahesabu tena upya. Kisha akavuta kiti, akaketi mbele yake.

"Bu, hali hii imeanza lini?"

"Nimeshakueleza. Na wenzako niliwaeleza."

"Nieleze tena," alisema, na safari hii hakuandika mpaka Ning alipomaliza. Rufaa akaiandika kwa mkono wake.

Nyumbani Ning alimkuta Kuwat amechuchumaa kwenye mafuta machafu. "Nimepewa rufaa," alimwambia.

Spana ilisimama mkononi mwa Kuwat. Baba yake mzazi alipewa rufaa, akaenda nayo hospitali ya wilaya, na hakurudi akiwa hai. "Rufaa ya nini?"

"Hawajui bado. Kesho niende."

Asubuhi pikipiki ilikuwa imeoshwa na kutiwa mafuta. Ning alipanda nyuma, Kuwat akaichukua shali ya batiki, ile aliyobebewa Retno mgongoni alipokuwa mchanga, akaizungusha kiunoni mwa mkewe na kiunoni mwake mwenyewe, akafunga fundo tumboni.

"Ya nini?" Ning aliuliza.

"Usije ukasinzia ukadondoka."

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni kwake, fagio mkononi. Kwa mara ya kwanza hakusema neno. Barabara ilipita kando ya mashamba ya kabichi na tumbaku, upepo unauma, na kabla hawajafika darajani Ning alishalala, kichwa kimeegemea bega la mumewe, shali imemshikilia.

Hospitali ilikuwa foleni juu ya foleni: foleni ya kadi ya bima, foleni ya kuonwa, foleni ya damu. Wakamchoma, wakamwambia arudi majibu yakitoka. Akarudi, majibu hayajatoka. Akarudi tena. Safari zote hizo Kuwat alifunga karakana, akafunga shali. Walikaa kwenye viti vya plastiki, bega kwa bega, wakila wali uliofungwa kwenye jani la mgomba, hawasemi mengi. Mara moja tu Kuwat alisema, macho yake ukutani, "Kama ni ile kansa, usinifiche."

"Nitakufichaje na mimi sijui?"

Mwishoni wakaingia kwa daktari bingwa, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alisoma majibu, akamtazama Ning, akasoma tena.

"Bu Ning, umekuja hapa kwa miguu yako?"

"Kwa pikipiki."

"Kwa hali hii ningetegemea uletwe kwa machela." Aliwageuzia ile karatasi, ingawa hawakuweza kuisoma. "Kuna tezi hapa shingoni, ndiyo inayouambia mwili wako uende kasi gani. Moyo, tumbo, ngozi, akili, vyote vinaisikiliza. Yako karibu imekufa. Kinga ya mwili wako yenyewe imeishambulia, ikaila kidogo kidogo. Ubongo umekuwa ukiipigia kelele ifanye kazi, kelele kubwa sana, ndiyo namba hii hapa. Lakini hakuna wa kuitika."

"Mbona haijavimba?" Ning akauliza.

"Kuna zinazovimba, na kuna zinazosinyaa. Hizi zinazosinyaa ndizo zinazotuponyoka. Huja polepole, mtu mwenyewe anazoea, na sisi tunasema ni umri."

Kuwat akakohoa. "Kwa hiyo, daktari. Si uvivu?"

Daktari akavua miwani. "Nani amesema uvivu?"

Kuwat alizitazama ndara zake. "Watu," akasema hatimaye.

Ning alimtazama pembeni, akaacha lipite. Hakuwa na nguvu ya kulishika.

"Nitapona?"

"Utakuwa sawa, lakini kwa dawa. Kidonge kila asubuhi, tumbo tupu, kwa maji matupu. Si chai, si kahawa. Ungoje ndipo ule. Tutaanza kidogo ili moyo usishtuke, tutapandisha. Na ni maisha yote, Bu. Usije ukajiona mzima ukaacha."

Maisha yote. Ning alingoja aogope, akaona hofu haiji. Wala furaha haikuja. Kilichokuja ni kitu cha katikati, kama mtu aliyebeba mzigo kichwani akaonyeshwa pa kuutua, bado hajautua. Kwa muda wote ule alikuwa akijiuliza kimoyomoyo kama kweli ni mvivu, kama kweli amemchoka mumewe, kama ndani yake kuna mtu mbaya aliyekuwa akijificha. Kumbe ni tezi.

Nje, Kuwat aliishika shali lakini hakuifunga. Aliikunja, akaikunjua. "Mama Retno. Siku ile nilisema maneno."

"Ulisema."

"Basi."

"Funga twende, baridi," alisema Ning.

Usiku huo mto wa Kuwat ulirudi chumbani, bila maelezo.

Dawa haikuwa na miujiza. Wiki za kwanza Ning alimeza, akangoja, akaona hakuna kitu. Mama mkwe akauliza dawa gani hiyo isiyo na haraka, na Kuwat akamjibu mama yake, kwa mara ya kwanza tangu aoe: "Mama, mwache mgonjwa apone." Bibi yule akaondoka amenuna, na kesho yake akaleta supu ya kuku, akaiweka mezani, akaenda zake. Wakapandisha dozi. Moyo ukamdunda siku kadhaa, akaogopa, ukatulia. Wakapandisha tena. Uso ulipungua uvimbe kabla hajajua; mwuza tofu ndiye aliyemwambia. Choo kikawa rahisi. Siku moja kazini alijikuta amevua sweta moja, hakumbuki saa ngapi.

Sauti ilirudi, lakini haikurudi yote. Ilibaki na mchanga kidogo chini yake. Ning alimwendea Pak Legiman kumwomba arudishwe juu, naye mzee akajikuna kichwa. "Ile mashine tumeshainunua, Bu. Haiombi ruhusa, haiugui. Mimi mwenyewe siipendi, lakini ndiyo hivyo." Ning aliteremka ngazi bila kushika ukuta. Aliumia, aliumia sana, akakaa kwenye chumba cha mizigo akiisikiliza mashine inatangaza basi la Semarang kwa lafudhi ya mji mkuu. Paijan alipita kuchukua kifurushi, akasimama, akavua kofia. "Bu Ning, yale ya siku ya mvua. Nilikuwa mjinga."

"Ulikuwa mjinga," alikubali, akamkabidhi kifurushi chake.

Asubuhi moja ya siku ya mapumziko, Kuwat alitoka karakanani akaingia kuoga, na alipotoka Ning akaona taulo jeupe, jipya, zawadi ya Retno. Lilikuwa na alama za vidole vyeusi vya grisi toka juu mpaka chini.

"Baba Retno! Hili taulo ni tambara la injini?"

"Sikuona kama ni jipya."

"Hukuona! Macho ya kuona skrubu iliyoangukia kwenye mchanga unayo, ya kuona taulo huna? Na hivyo vikombe vitatu dirishani vinangoja nani? Na hiyo betri, sebuleni? Tangu lini tunakaribisha wageni na betri?"

Maneno yalikuwa yanatoka yenyewe, moja linasukuma jingine, wala hakulazimika kuyafuata mbali. Alifika kwenye matairi, akafika kwa mama mkwe, akafika mpaka kwenye harusi ya kaka ambako Kuwat alikwenda peke yake na shati lisilopigwa pasi. Mumewe alisimama pale na maji yanamchuruzika, na taratibu uso wake ukakunjuka.

"Unacheka nini?"

"Endelea, Mama Retno."

"Nitaendelea, unadhani nimemaliza?"

Akaendelea mpaka akahema, akavuta kiti cha jikoni akaketi, na akamwagiza amletee maji ya kunywa.